Shirika la ulinzi, taasisi ya umma au chuo kikuu: ulinganisho kwa mhandisi mhitimu wa Mwanza anayetaka kufanya utafiti

Kijana mmoja aliyemaliza shahada ya uhandisi wa umeme alikuja kuniona nyumbani Nyegezi, akaniamkia, kisha akaweka mezani boksi la plastiki la kuhifadhia chakula. Ndani mlikuwa na bodi ya saketi, antena fupi na betri mbili zilizokazwa kwa utepe mweusi, na upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa umetanda vitone vya maji. Kifaa kile kilikuwa kimelala usiku mmoja kwenye mtumbwi wa dagaa. Kimekusudiwa mvuvi anayepatwa na dhoruba: abonyeze kitufe kimoja, na mahali alipo paonekane kwa watu walio nchi kavu. Hakuja kuuliza habari ya vile vitone. Alitaka kujua kazi ya namna hii aendelee nayo wapi: katika shirika la utafiti lililo chini ya wizara ya ulinzi, katika taasisi ya utafiti ya umma ya kiraia, au katika chuo kikuu.

Wahitimu wengi wa hapa huniuliza jambo hilohilo, na mara nyingi huanzia kwenye mshahara. Mshahara una uzito wake, lakini hubadilika kwa waraka mmoja wa serikali, wakati mambo mengine ya mahali pa kazi hukaa na mtu miaka ishirini. Nitalinganisha njia hizo tatu kwa vigezo vitano: swali la utafiti linatoka kwa nani, jibu linaruhusiwa kusomwa na nani, vifaa, fedha na muda vikoje, kifaa kinatokaje maabara hadi kwa mtumiaji, na mwisho usajili wa kihandisi pamoja na maisha ya nyumbani. Kifaa cha yule kijana kitakuwa mfano wetu, maana kifaa kimoja kikipitishwa njia tatu huonyesha tofauti upesi kuliko maelezo ya jumla.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Kwa upande wa ulinzi, nchini kwetu yapo Shirika la Nyumbu lililoko Kibaha, lililoanzishwa rasmi mwaka 1985 na linalofahamika kwa magari na mitambo, na Shirika la Mzinga la Morogoro, lililoanzishwa mwaka 1974. Kwa upande wa taasisi za kiraia ipo TIRDO ya Dar es Salaam, ya utafiti wa viwanda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na Arusha zipo TEMDO ya mwaka 1980, ya usanifu wa mitambo, na CAMARTEC ya mwaka 1981, ya zana za kilimo na teknolojia vijijini. Vyuo vikuu ni vingi, ila kwa utafiti wa kihandisi watu wa Kanda ya Ziwa hutazama zaidi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, huku hapa Mwanza tukiwa na kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe.

Wengi wanaovutiwa na utafiti wa ulinzi huwa wamesoma habari za maabara za Marekani, kwa hiyo nitaichukua Sandia kama kielelezo cha jinsi maabara kubwa ya usalama wa taifa inavyofanya kazi. Ilianza kama kitengo cha maabara ya Los Alamos mwaka 1945, ikasimama peke yake mwaka 1949, na makao yake yako Albuquerque, jimbo la New Mexico. Ni maabara ya wahandisi hasa: Los Alamos na Lawrence Livermore husanifu kiini cha nyuklia cha silaha, na Sandia hushughulikia sehemu nyingine zote zinazofanya silaha ile iwe salama inapohifadhiwa na itii inapoamriwa. Nimeileta kama mfano wa utaratibu tu, kwa sababu nafasi zake nyingi za kazi hudai uraia wa Marekani.

Swali linatoka kwa nani

Katika maabara ya ulinzi swali hutoka juu. Dola ina hitaji, hitaji linaandikwa, nawe unapewa kipande chake. Kipande hicho chaweza kuwa kigumu na kizuri kuliko chochote ambacho ungejitungia mwenyewe. Willis Whitfield, mwanafizikia wa Sandia, alikabidhiwa tatizo linaloonekana dogo: vumbi lilikuwa likiharibu vipuri vidogo vya silaha wakati wa kuviunganisha. Mwaka 1962 alionyesha chumba ambamo hewa iliyochujwa hushuka taratibu kutoka darini na kutokea sakafuni, ikiondoka na kila chembe inayoachwa na mfanyakazi. Leo hakuna kiwanda cha chipu za kompyuta kinachofanya kazi bila vyumba vya aina hiyo. Mtu aliyepewa swali na wakubwa alipata jibu lililozidi swali lenyewe kwa mbali. Tena si kila swali hushuka kutoka juu: tangu mwaka 1991 sheria ya Marekani inaziruhusu maabara hizo kutenga sehemu ya bajeti kwa utafiti unaobuniwa na wataalamu wake wenyewe. Ukiitwa kwenye usaili wa shirika lolote la ulinzi, uliza kwa adabu kama kuna fungu la namna hiyo, hata liwe dogo.

Katika taasisi ya umma swali hutoka katika sera na kwa wateja. Hospitali inataka kichomea taka, kiwanda kinataka vyuma vyake vipimwe, mkulima anataka mashine ya kupukuchua. Mhandisi anayependa kuona sura ya mwenye shida atajisikia nyumbani hapo, lakini ajiandae kwamba siku nyingi zitakuwa za huduma, na utafiti utaingia katika nafasi zinazobaki.

Chuo kikuu ndicho mahali ambapo swali laweza kuwa lako kabisa. Yule kijana angeweza kuandika pendekezo la shahada ya uzamili juu ya mawimbi ya redio yanavyosafiri juu ya maji usiku, wala asingeulizwa na mtu wizara inanufaika vipi. Mipaka ipo, na huwekwa na msimamizi wake pamoja na mfadhili, ambao nao wana mambo wanayoyapenda.

Jibu linasomwa na nani

Hapa ndipo ningemtaka msomaji akae muda mrefu zaidi, kwa sababu ndipo watu huingia bila kupima.

Ukifanya kazi ya ulinzi, sehemu ya kazi yako haitasomwa na mtu wa nje. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inahusu taarifa za siri za serikali, na wajibu wa kutunza siri haukomi siku unapokabidhi kitambulisho getini. Maana yake kwa mhandisi kijana ni kwamba baada ya miaka kumi anaweza kuwa bingwa wa jambo fulani na bado wasifu wake ukawa na mistari mitatu tu. Wapo wanaoweza kuishi hivyo kwa fahari, nami nawaheshimu. Wapo pia ambao kazi wasiyoweza kuieleza kwa mwenzao huwakausha, na hao hawapaswi kujilaumu kwa kuumbwa hivyo.

Siri hata hivyo haidumu daima. Boksi lile la plastiki linajua mahali lilipo kwa sababu ya GPS, mfumo wa setilaiti uliojengwa na jeshi la Marekani. Setilaiti hizohizo zinazomwambia mvuvi wa Ukerewe yuko wapi hubeba pia vihisi vya kugundua milipuko ya nyuklia, na vihisi hivyo ni kazi ya Sandia na Los Alamos. Kwa miaka mingi ishara ya GPS ya raia ilikuwa inaharibiwa makusudi ili isilingane na ya jeshi, mpaka uharibifu huo ulipozimwa mwezi Mei mwaka 2000. Mfano wa pili ni mfumo wa Cospas-Sarsat, unaopokea ishara za dharura kwa masafa ya megahezi 406. Ulianzishwa kwa makubaliano ya Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovyeti, wakati wa Vita Baridi, na uliokoa watu kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Mahasimu wawili wakubwa waliketi pamoja juu ya jambo la kuokoa watu walio hatarini. Teknolojia ya ulinzi huweza kumfikia raia, ila saa ya kufika haichagui mhandisi aliyeitengeneza.

Chuo kikuu kiko upande wa pili: kuchapisha ni wajibu, na asiyechapisha hapandi cheo. Uhuru huu una mtego wake. Ukitangaza uvumbuzi wako kwenye mkutano kabla hujawasilisha maombi ya hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, unaweza kupoteza haki hiyo, kwa kuwa uvumbuzi sharti uwe mpya. Taasisi za umma zinakaa katikati. Ripoti nyingi ni za wazi, lakini matokeo ya vipimo alivyolipia mteja ni mali ya mteja.

Na asidhani mtu kwamba akiwa raia basi masuala ya usalama hayamhusu. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilisafirisha dawa kwa majaribio kutoka Mwanza hadi Kisiwa cha Ukerewe, umbali wa takribani kilomita 60 kwa dakika 40. Ilikuwa kazi ya kiraia kabisa, lakini anayetaka kurusha chombo cha namna hiyo nchini huhitaji ridhaa ya mamlaka za ulinzi pamoja na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Vifaa, fedha na muda

Shirika la ulinzi kwa kawaida lina karakana nzito: mashine za kereza, tanuri za kuyeyushia vyuma, mahali pa kufanyia majaribio ya magari. Pia lina subira. Mradi unaweza kuchukua miaka mingi bila mtu kuuliza umechapisha nini. Taasisi ya umma ina mashine nzuri katika eneo lake la huduma, na bajeti yake hufuata mwaka wa fedha wa serikali unaoanza Julai. Chuo kikuu kina osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme), wanafunzi wenye nguvu na fedha za mradi zenye tarehe ya kuisha. Ipo pia MTUSATE, mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia unaosimamiwa na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ambao taasisi na vyuo huugombania.

Kuhusu tarehe ya kuisha nina kidonda changu. Katika chuo kimoja nilichofanyia kazi tulitengeneza kipima kina cha maji, kikafanya kazi vizuri, fedha zikaisha mwezi mmoja kabla ya jaribio la mwisho, na mara ya mwisho nilipopita kilikuwa juu ya kabati, waya wake umekatwa kwa ajili ya kazi nyingine.

Kwa kifaa cha mvuvi, muda una sura ya pekee ambayo njia zote tatu huipuuza. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa wavuvi wengi hupumzika. Jaribio la kweli lina siku zake katika mwezi. Dhoruba nazo hupenda usiku, kwa sababu nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo kutoka pande zote za ufuko ukaelekea katikati ya ziwa na kuinua mawingu ya radi. Anayepanga majaribio saa tatu asubuhi siku ya Jumanne, kwa kuwa ndiyo siku gari la ofisi lipo, atapima ziwa jingine kabisa.

Kutoka maabara hadi mtumbwini

Shirika la ulinzi lina mtumiaji mmoja mkubwa aliye tayari. Jeshi likikubali kifaa, kitanunuliwa, kitafundishiwa na kitatengenezwa kikiharibika. Kwa chombo cha uokoaji, hiyo ni faida kubwa kuliko inavyoonekana. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu 228 wakafa, vyombo vya ulinzi vilikuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya uokoaji. Kifaa kilichobuniwa ndani ya mfumo huo kingewafikia waokoaji bila kubisha hodi. Udhaifu wake ni kwamba mvuvi mwenye mtumbwi mmoja si mteja wa jeshi, na mahitaji yake yaweza yasifike mezani.

Taasisi ya umma inajua njia ndefu ya katikati: viwango vya TBS, shirika la viwango, uthibitisho wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kila kifaa chenye redio, michoro ambayo fundi mwingine anaweza kuifuata. Yule kijana hakuwa amefikiria TCRA hata kidogo. Taasisi pia hujua kufanya kazi na majirani, na hilo kwetu si jambo la hiari, maana Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 na Tanzania inamiliki takribani nusu tu. Kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza kimeshiriki kwa miaka mingi kupima wingi wa samaki kwa mawimbi ya sauti pamoja na wenzao wa Kenya na Uganda, chini ya jumuiya ya uvuvi ya ziwa yenye makao Jinja. Kifaa cha dharura kinachonyamaza mtumbwi unapovuka mpaka hakifai.

Chuo kikuu chenyewe hakiuzi kitu, bali humzaa mtu anayeweza kuuza. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza kichujio cha maji kinachounganisha mchanga na teknolojia ya nano, akashinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya uvumbuzi wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000, na kazi ikahamia kwenye kampuni. Ni njia nzuri kwa mwenye moyo wa biashara. Asiye na moyo huo atabaki na tasnifu.

Usajili na nyumbani

Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa mafunzo kazini wa miaka 3 kwa wahitimu, na mhitimu huhitaji kusimamiwa na mhandisi aliyesajiliwa. Katika njia zote tatu uliza jambo hili kabla ya kusaini: nani atanisimamia, na je, kazi nitakayoifanya inaweza kuandikwa kwenye daftari langu la mafunzo? Kwenye shirika la ulinzi swali la pili lina uzito wa ziada. Kwenye chuo kikuu tatizo ni kinyume chake, kwani kufundisha na kuandika makala hakuhesabiwi kirahisi kama uzoefu wa kihandisi.

Nafasi za taasisi za umma na vyuo vya serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na ushindani ni mkali. Mashirika ya ulinzi huchunguza mwombaji, na uchunguzi huchukua muda, hivyo usiache kazi uliyonayo kwa kutegemea barua ambayo haijafika. Na Kibaha ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mwanza. Mwenye mzazi mgonjwa kule Sengerema au Magu alifikirie hilo mapema, kabla halijamlazimu kuomba likizo ya dharura mwezi wa pili wa kazi.

Kwa hali yako

Ikiwa unapenda mitambo mikubwa, unaweza kupokea swali la mtu mwingine na kulifanya lako, na kunyamaza hakukusumbui, anza na mashirika ya ulinzi. Utapata karakana na subira ambazo huenda usizipate kwingine. Uliza kuhusu usimamizi wa usajili na kuhusu ni sehemu gani ya kazi itaruhusiwa kutajwa kwenye wasifu wako.

Ikiwa unataka kuona kifaa kikitumiwa na mtu wa kawaida, na huchoki kwa fomu, viwango na vikao, taasisi ya umma itakufaa, hasa ukiwa tayari kuhamia Dar es Salaam au Arusha. Kama huwezi kuondoka Mwanza, tazama vituo vya hapa vya uvuvi na maji, ambavyo mara nyingi huhitaji wahandisi wa vifaa vya upimaji bila kutangaza kwa jina hilo, au SIDO, shirika la viwanda vidogo, la Nyakato kwa anayetaka kukodi mashine na kutengeneza mwenyewe.

Ikiwa swali limekushika na hutaki likuponyoke, au unataka kufika shahada ya uzamivu, nenda chuo kikuu, lakini kabla ya kujiandikisha mwombe msimamizi akuonyeshe kifaa kimoja cha mwanafunzi aliyemtangulia kikiwa kinafanya kazi nje ya maabara. Ukionyeshwa picha tu, uliza kifaa kiko wapi.

Ikiwa ndoto yako ni maabara kama Sandia, ingia kupitia vyuo vikuu vya nje vinavyoshirikiana na maabara za aina hiyo kwenye utafiti wa wazi, kwa mfano wa nishati ya jua au wa hesabu za kompyuta, ukijua kwamba milango ya ndani zaidi imefungwa kwa asiye raia.

Na ikiwa uko kama yule kijana, mwenye kifaa mkononi na bila uamuzi, usisubiri ajira ndipo uendelee. Nilimshauri aweke mpira wa kuzibia kwenye kifuniko, atie ndani pakiti ndogo ya chembechembe za kufyonza unyevu kama zinazokuja na viatu vipya, aandike barua TCRA kuuliza masafa anayoruhusiwa kutumia, kisha arudi mwaloni, kwenye mitumbwi ya wavuvi, mwezi ukiingia gizani.